Mgongo wa Kachero Msumari

Mzee Picha alisomea gazeti kwa kinyozi, maana kwa kinyozi gazeti ni la bure, na asubuhi ile gazeti lilikuwa limemtukana.

Halikumtaja jina. Lingemtaja, angalau angejua kuwa wanamjua. Alisoma polepole, kidole kikitangulia na midomo ikifuata, kwa kuwa shule yake iliishia darasa la nne, mwaka ambao wakubwa waliona jengo la shule linafaa zaidi kuwa ghala la saruji. Habari yenyewe ilijaza ukurasa mzima. Filamu ya Kachero Msumari inapigwa! Msumari yule yule wa vijitabu vya hadithi za picha, wa koti refu na kofia iliyolala upande, aliyekuwa akiwatandika matapeli na majambazi kila Ijumaa, na watu wakimgombea stendi kama maji ya mgao. Sasa mwongozaji mmoja kijana, mwenye miwani juu ya kichwa badala ya machoni, alikuwa akieleza jinsi filamu itakavyokwisha. Msumari atageuka. Atatupa mgongo, aende zake barabara nzima, na watu walie.

Mwandishi wa gazeti akamuuliza, si msemo wake ni "Msumari hageuki"?

Mwongozaji akajibu: "Msemo uliletwa kuziba pengo. Wapiga picha wa enzi zile hawakuwa na ujuzi. Walijua kumsimamisha mtu mbele ya kamera kama picha ya kitambulisho, basi."

Mzee Picha alilikunja gazeti mara nne.

"Kinyozi, Msumari alipigwa picha na watu wangapi?"

"Wewe peke yako, Mzee. Mtaa mzima unajua."

"Basi hawa wapiga picha wasio na ujuzi ni akina nani?"

Kinyozi alikung'uta taulo. "Labda ni heshima, Mzee. Mtu mzima hutajwa kama watu kumi."

Mteja aliyekuwa kitini akacheka mpaka wembe ukabidi usimamishwe hewani. Mzee Picha hakucheka. Alitoka bila kunyolewa, zamu yake akaiacha.

Alikuwa mtu wa vinyongo, wala hakuvificha. Alikuwa na kinyongo na waliobomoa studio yake ili wapanue barabara, kisha barabara wasiipanue. Alikuwa na kinyongo na wakubwa wa hospitali waliomwambia mkewe arudi Jumatatu, kana kwamba maradhi yanasoma kalenda. Jumatatu ilifika, mke hakufika. Na alikuwa na kinyongo na Bwana Mhariri, mwenye vijitabu vya Msumari, marehemu sasa, Mungu amrehemu lakini asifanye haraka. Lakini katika hayo yote, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi haijui. Alikuwa amepiga picha maharusi waliotoka kulia na mabwana harusi waliotoka kugombana, akawatoa wote wakipendeza. Na sababu ya Msumari kutogeuka waliijua watu wawili tu duniani. Mmoja alikuwa amelala kaburini mwaka wa pili.

Sababu yenyewe ilikuwa hivi.

Siku ya kwanza kabisa ya Msumari, Bwana Mhariri alikuwa na mambo matatu: hadithi, fundi baiskeli mwenye mabega mapana wa kumwigiza kachero, na koti moja. Moja! Lilikuwa la mlinzi mmoja wa reli, zito kama godoro, nalo lilikuwa limekunjamana kama limetafunwa. Akamwita msichana dobi wa nyumba ya pili aje alipige pasi pale pale ofisini. Msichana akaja na pasi yake ya mkaa. Kijana mwenye kamera, ambaye wakati huo nywele zilikuwa nyeusi na meno yote yalikuwa nyumbani, alimwona akipepea makaa kwa kipande cha boksi, akasahau kufungua kamera.

"Haraka, haraka!" Mhariri alikuwa akipiga kelele chumba cha pili. "Jua linaondoka! Nani anayelipia jua?"

Haraka ile ndiyo iliyofanya kazi. Msichana alibonyeza pasi mgongoni mwa koti kabla haijapoa kidogo, moshi ukatoka, na alipoinua, chapa ilikuwa imebaki pale katikati ya mabega, nyeusi, imechongoka kama mashua ya karatasi. Kidole kiligusa, kitambaa kikamung'unyika. Msichana hakupiga ukelele. Alisimama tu na pasi mkononi, machozi yakimdondoka juu ya makaa na kufanya *chss, chss*.

Kijana alilichukua koti, akamvalisha fundi baiskeli, aliyedhani limekuja limeungua, akamwegemeza ukutani, na Mhariri alipoingia akamkuta ameshashika kamera.

"Bwana Mhariri, nina wazo. Huyu asigeuke."

"Asigeuke vipi?"

"Asigeuke kabisa. Shujaa wa kweli hampi adui mgongo. Msumari hageuki. Watu watapenda."

Mhariri alimtazama, akamtazama Msumari, akarudia maneno yale kwa sauti ndogo mara tatu kama anayeonja mchuzi. Jioni ile maneno yalikuwa yake. Yaliandikwa chini ya jalada la kijitabu cha kwanza, na cha pili, na cha mia na kumi na mbili, na kila alipohojiwa mpaka anakufa alisema, "Wazo lilinijia nikiwa naoga."

Hivyo Msumari akaacha kugeuka. Alipanda ngazi kinyumenyume. Aliingia kwenye gari kwa kutanguliza makalio, akitabasamu. Alipofukuzwa na watu sita alirudi nyuma mbio, ngumi juu, na mara mbili fundi baiskeli alianguka kwenye mtaro ikasingiziwa kwamba ni risasi. Watoto mitaani walicheza Msumari kwa kutembea kinyumenyume mpaka wakagongana na nguzo. Kiraka kiliwekwa baadaye, kwa siri, lakini kilionekana kama jicho. Na hata hivyo, msemo ulishashika, nani angethubutu kuugeuza?

"Usije ukanisema," msichana alimwambia kijana siku ile, wakiwa mlangoni. "Dobi akijulikana ameunguza, amekwisha."

"Sitakusema."

"Hata tukigombana?"

"Tugombane tena? Jina lako lenyewe silijui."

Walijuana, wakaoana, wakagombana sana, naye hakumsema. Kila asubuhi alipotoka kwenda studio alitoka kinyumenyume hadi barazani, kofia mkononi, ili tu amsikie akicheka na kusema, "Utavunja kiuno, mzee wewe, mimi sina mume wa akiba." Mkewe akawa dobi wa kutajwa. Watu walileta nguo za harusi kutoka mitaa ya mbali, wakimwita Bibi Pasi, maana ilisemekana hajawahi kuunguza hata leso. Na ilikuwa kweli, ukitoa siku moja.

Sasa, miaka yote hiyo ikiwa imepita, kijana wa miwani ya kichwani amesimama gazetini na kusema Mzee Picha hakujua kazi.

Na kama mzaha, alikuwa pia amemwalika. Kitinda, binti yake wa mwisho, ndiye aliyerithi pasi na kibanda cha mama yake, na watu wa filamu walikuwa wakimpa nguo zao azifue tangu walipolikodi ghala la mtaa wa nyuma. Alipowaambia kwamba mpiga picha wa Msumari ni baba yake na yu hai, wakaruka. Mzee aje Alhamisi mchana! Ahojiwe mbele ya kamera, kisha atazame picha ya mwisho ikipigwa.

"Nenda, Baba," Kitinda alimsihi. "Umenung'unika miaka yote kwamba hawakuulizi. Sasa wanakuuliza."

"Wananiuliza baada ya kunihukumu."

"Basi nenda ukakate rufaa."

Alhamisi asubuhi alipiga magoti mbele ya sanduku la bati chini ya kitanda, akalitoa koti. Mhariri alikuwa amelitupa vijitabu vilipokwisha soko, naye akaliokota. Alikuwa amemwambia dada wa mavazi wa filamu, aliyetaka kulitazama ili washone jipya, kwamba limekwisha kuliwa na panya. Akawapa picha za mbele wakashonea hizo. Sasa alikifumua kiraka kwa wembe. Chapa ilikuwa pale pale. Alilitia koti katika fuko la khaki, akajiambia maneno atakayosema. *Tazameni. Mimi nilijua kupiga mgongo. Huu hapa mgongo, na hii hapa sababu.* Ahadi ni deni, ndiyo, lakini marehemu hana kibanda cha kupoteza wateja. Na yeye amebakiwa na nini kingine zaidi ya jina la kazi yake? Wakubwa walichukua studio, walichukua msemo, walimchukua mke kwa uzembe wao. Na ujuzi nao wachukue?

"Fuko la nini?" Kitinda aliuliza njiani.

"Zana zangu."

"Nikubebee?"

"Niachie."

Ghala lilikuwa na taa kubwa kuliko sufuria za shughuli, na nyaya zilizolala sakafuni kama nyoka walioshiba. Kitinda alikaribishwa kama mwenyeji. Dada wa mavazi alimkimbilia na koti jipya la Msumari mkononi.

"Shoga yangu, niokoe. Mgongo una mikunjo, na leo ndiyo siku ya mgongo."

"Lete pasi, na karatasi moja ya gazeti."

Mzee Picha alipewa kiti karibu na meza ya kupigia pasi wakati taa zikipangwa. Alikaa na fuko magotini. Kitinda alikunja mikono ya blauzi, akaiweka pasi juu ya gazeti, akahesabu kimoyomoyo, akaiinua akaichungulia karatasi.

"Unafanya nini hapo?" dada wa mavazi akauliza.

"Sheria ya mama yangu. Pasi huanza kwenye karatasi. Karatasi ikibadilika rangi, unangoja. Akija mtu akasema haraka, unangoja mara mbili." Alicheka. "Nilikuwa na miaka tisa nikataka kuruka karatasi, alinifinya sikio hili hapa mpaka leo linasikia mbali."

"Naye hakuwahi kuunguza?"

"Mama? Hata siku moja. Ukiona nguo ya mama imeungua, ujue ilikuja na moto wake." Alilitandaza koti kwa kiganja, taratibu, kama anayemlaza mtoto. "Mimi nikishika pasi hii nasikia kama mkono wake uko juu ya wangu. Siogopi nguo yoyote. Nasema, ikiwa yeye aliweza miaka arobaini bila kosa, mimi nitashindwaje leo tu?"

Mzee Picha aliangalia viatu vyake. Fuko lililokuwa jepesi njiani lilianza kumwelemea mapaja.

"Mzee, shikamoo! Tuko tayari."

Mwongozaji alikuwa kijana zaidi ya alivyoonekana gazetini, na mpole zaidi, jambo lililomuudhi Mzee Picha, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa mtu mwenye kiburi. Alimshika mkono, akamkalisha mbele ya kamera, akamwekea mto mgongoni.

"Marahaba. Miwani yako iko kichwani."

"Najua, Mzee. Ni mazoea."

"Kichwa kinaona mbali, siyo?"

Watu wakacheka, naye mwongozaji akacheka kuliko wote. Kisha akavuta kiti karibu, akapunguza sauti.

"Mzee, nimekua na vijitabu vyako. Baba yangu alivificha chini ya godoro, mimi nikavifichua. Ndiyo maana nipo hapa. Sasa nitakuuliza bila kukuzungusha. Nilisema gazetini kwamba Msumari hakugeuka kwa sababu mpiga picha hakujua. Kama nimekosa, nisahihishe, na kamera iwe shahidi. Nipe sababu moja ya kweli, na ile picha ya mwisho naifuta leo hii. Msumari hatageuka."

Mzee Picha hakutarajia kurudishiwa vyote viwili kwa pamoja: jina lake, na Msumari wake. Vidole vilikwenda vyenyewe kwenye kamba ya fuko. Vikaifungua. Vikaigusa sufu ngumu ya koti, vikashuka mpaka kwenye ukingo wa chapa, pale inapomung'unyika.

"Mwambie, Baba!"

Kitinda alikuwa amesimama nyuma ya kamera, koti jipya mkononi, uso umemeta. Alikuwa akingoja baba yake amfundishe adabu mkubwa mmoja angalau, kati ya wakubwa wote. "Mwambie, wasikie!"

Mzee Picha alimtazama. Alitazama mikono ile iliyoshika koti kwa mabega, isiyoogopa nguo yoyote.

Akaifunga kamba ya fuko.

"Nilikuwa sijui," akasema.

Mshika taa aligeuka kumtazama.

"Hukujua… nini, Mzee?"

"Kupiga mgongo. Uso unajisaidia wenyewe, una macho, una mdomo. Mgongo hauna kitu. Lazima uutafutie mwanga wake. Mimi nilikuwa nimejifunza kamera kwa kumshikia mpiga picha mmoja mwavuli. Nikaogopa kuharibu, nikasema asigeuke. Ulivyosema gazetini ndivyo ilivyokuwa."

Mwongozaji aliishusha miwani kutoka kichwani, akaifuta kwa shati, akairudisha kichwani. Ilionekana kama alikuwa akitumaini jibu jingine.

"Na msemo? Inajulikana ni wa Bwana Mhariri."

"Mhariri alikuwa mwongo!" Sauti ya Mzee Picha ilipata nguvu zake za kila siku. "Msemo ni wangu. Ati kuoga! Yule alikuwa haogi. Hilo uliweke kwenye filamu yako, tena mwanzoni, kabla ya majina ya wakubwa."

Vicheko vikalipuka, mshika taa akapiga makofi, na mwongozaji akamwapia kwamba litawekwa. Wakamshukuru. Wakamletea soda. Walimwonea huruma kidogo, aliona, jinsi watu wanavyomwonea huruma mtu mzima aliyekiri; na alivyoizoea hasira, huruma hakujua aishike wapi.

Kitinda alimjia akiwa amekunja uso kama shuka lisilopigwa pasi.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimejibu swali."

"Hukujua kupiga mgongo? Wewe? Na ile picha ya mama ukutani, anaanika nguo, uso hauonekani hata kidogo, na kila anayeingia anasema huyu mama anaimba? Ule si mgongo?"

"Ile ilikuwa baadaye."

"Baadaye ya nini?"

"Nilijifunza baadaye. Kwa mama yako."

Kitinda alimkazia macho. Alikuwa na macho ya Bibi Pasi, macho ya kutafuta doa. Mzee Picha alikunywa soda yake yote kwa mkupuo ili uso uwe na shughuli.

"Siku moja utaniambia," akasema Kitinda.

"Siku moja nitakufa."

"Baba!"

"Nenda, wanaliita koti."

Alikwenda. Mwigizaji, kijana mrefu aliyenyooka kama fito, alivalishwa. Kitinda alimvuta ukosi, akamzungusha, akampitisha kiganja mgongoni kutoka bega hadi kiunoni, mara moja, akarudi kusimama kando ya kiti cha baba yake. Mbele yao barabara ya bandia ilikuwa imemwagiwa maji ili ing'ae, na mwisho wake kulikuwa na taa moja ya manjano.

"Kimya!" mtu akapaza sauti.

Msumari alisimama akiwatazama wote. Kofia ilikuwa imelala upande, ngumi zimeshuka. Mzee Picha alikaza fuko magotini. Vijitabu mia na kumi na mbili, na hata mara moja hakuwahi kumwona akigeuka. Kisha Msumari akageuka, na koti likageuka naye, pana, jeusi, limenyooka kutoka bega mpaka pindo, likaanza kwenda zake kwenye mwanga.

Waliirudia picha hiyo mara sita, kwa sababu ya taa, kwa sababu ya maji, kwa sababu wakubwa hawaridhiki. Mara zote sita Mzee Picha hakupepesa jicho. Mara ya sita Kitinda aliinama sikioni mwake, hasira ikiwa imepungua, fahari ikiwa imeshindwa kukaa kimya.

"Mgongo wangu huo, Baba. Unauona?"

"Nauona, mama."

"Una kasoro?"

Mzee Picha alisogeza kichwa mbele, akautazama ukienda, sehemu ile ya katikati ya mabega, mpaka macho yakaanza kumtoka maji.

"Hauna hata alama," akasema. Kisha akapenga kamasi kwa nguvu. "Ila huyo kijana anatembea kama ana kokoto kiatuni. Nani aliyempa kazi?"